Charles Rubia: Kutoka Umeya wa Nairobi hadi Kizuizini

Umeya wa Nairobi, kama Waingereza walivyouacha, ulikuwa na fahari kuliko mamlaka, kwa kuwa meya alichaguliwa na madiwani, yaani wajumbe waliowakilisha kata katika baraza la jiji, na shughuli za kila siku zilishikwa na karani wa jiji pamoja na maofisa wa kuajiriwa. Hata hivyo, Charles Rubia alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuvaa mkufu wa cheo hicho mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, fahari yenyewe ilikuwa na uzito wa kisiasa, maana jiji hilo lilikuwa limejengwa kwa kuwatenga Waafrika katika mitaa yao. Alikaa madarakani hadi 1967, na miaka miwili baadaye wapigakura wa jimbo la Starehe wakampeleka bungeni.

Mgogoro uliolitia jina lake katika historia haukuzuka katika ukumbi wa baraza bali juu ya suala la jinsi viongozi wanavyochaguliwa. Mwaka 1986 KANU, iliyokuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria tangu 1982, iliamua kwamba wagombea wake wateuliwe kwa mlolongo, utaratibu wa wapigakura kupanga mstari hadharani nyuma ya wakala au picha ya mgombea wao, na kwamba atakayepata asilimia 70 au zaidi ahesabiwe amepita bila kwenda kwenye kura ya siri. Rubia aliupinga, na mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa wabunge wachache mno waliokataa badiliko la katiba lililowaondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulinzi wa kutofukuzwa kazi ovyo. Mambo hayo mawili yalikuwa na mzizi mmoja: uchaguzi usioweza kuhakikiwa na mkaguzi anayeweza kuondolewa wakati wowote vyote humwachia mwenye mamlaka neno la mwisho.

Kasoro kubwa ya mlolongo haikuwa aibu ya kuonekana tu, japokuwa viongozi wa makanisa waliilalamikia sana. Ilikuwa kwamba watu wakishatawanyika hapabaki karatasi ya kuhesabiwa upya, na aliyetangaza matokeo alikuwa ofisa wa utawala wa mikoa, mteule wa serikali. Ndiyo maana mwaka 1988, malalamiko yalipoenea kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu, walalamikaji hawakuwa na ushahidi wa kushika mkononi. Katika uchaguzi huo Rubia alipoteza kiti cha Starehe kwa Kiruhio Maina.

Nje ya bunge, na huenda kumtoa huko ndiko kulikomwachia uhuru wa kusema, aliungana na waziri wa zamani Kenneth Matiba tarehe 3 Mei 1990 kudai mfumo wa vyama vingi. Wote wawili walikamatwa Julai 4, siku tatu kabla ya mkutano wa hadhara wa uwanja wa Kamukunji, Nairobi, uliokuja kuitwa Saba Saba, wakawekwa kizuizini, yaani kufungwa bila kufikishwa mahakamani. Desemba mwaka huohuo wajumbe wa KANU waliokutana Kasarani waliufuta mlolongo pamoja na kanuni ya asilimia 70, ilhali Rubia angali kizuizini.