Mshika Taa wa Harusini: Kamera ya Video Ilivyoingia Temeke na Kinondoni

Harusi ndiyo iliyoileta kamera ya video mitaani kwetu, kabla hata ya mtu kuota kucheza filamu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Ukiacha walioweza kuinasa Zanzibar, aliyekuwa na runinga Dar es Salaam aliinunua kwa ajili ya deki. Na kitu kilichotengenezwa hapahapa mjini na kufaa kuingia kwenye deki hiyo kilikuwa mkanda wa harusi.

Kazi yenyewe haikuwa ya mtu mmoja. Kamera za VHS, kama zile za Panasonic za mfululizo wa M, zilikaa begani na kumeza kaseti kubwa ileile ya deki. Betri zake zilikuwa nzito na ziliisha mapema. Ukumbi ukiwa na mwanga hafifu, picha ilitoka na chembechembe, kwa hiyo nyuma ya mpiga video alisimama mshika taa, na nyuma ya mshika taa alikuwapo kijana wa kuvuta waya usikanyagwe na akina mama wanaokwenda kumtunza bibi harusi. Vijana hao wanastahili kutajwa kila historia ya filamu zetu inapoandikwa. Ufundi ulipatikana hivyo: unaanza na waya, unapanda hadi kwenye taa, kisha siku moja unakabidhiwa kamera bosi akiwa anakula pilau.

Kuediti kulifanywa kwa deki mbili, moja ikicheza na nyingine ikirekodi. Kila nakala ilipoteza ubora, na nakala ya nakala iliyopelekwa kwa shangazi kijijini ilifika nyuso zikiwa zimefifia.

Mwaka 1995 kampuni za Japani zilileta mfumo wa DV, na Sony ikatoa VX1000. Kaseti ya MiniDV ilienea kiganjani, ikabeba dakika 60, na picha ikahifadhiwa kwa tarakimu. Ukiunganisha kamera na kompyuta kwa waya wa FireWire, kilichoingia kilikuwa kilekile kilichorekodiwa, bila kupungua. Tatizo lilikuwa nafasi. Saa moja ya DV inakula gigabaiti 13 hivi, na kompyuta nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa na diski ya gigabaiti 40 au chini yake. Harusi ya kaseti tatu iliijaza mashine nzima. Ilibidi uimalize, uitoe, uifute, ndipo uanze ya wiki inayofuata.

Video ilikuwa imeshajaribiwa kwenye filamu ndefu. Shamba Kubwa ilitoka mwaka 1995. Lakini wimbi lenyewe lilikuja baadaye. Mwaka 2003 ilitoka Girlfriend ya George Otieno Tyson, ikiwa na wasanii wa Bongo Fleva, na karibu wakati huohuo Mussa Banzi alitoa Nsyuka, filamu ya kutisha. Waigizaji wa kundi la Kaole, waliojulikana kwa michezo ya ITV, walihamia kwenye filamu za kuuzwa Kariakoo. Steven Kanumba alikuwa mmoja wao. Alipofariki Aprili 2012, umati uliofurika viwanja vya Leaders na makaburi ya Kinondoni ulionyesha jinsi filamu zilizorekodiwa sebuleni Sinza zilivyokuwa zimeingia mioyoni mwa watu.

Udhaifu wa filamu hizo, kwa maoni yangu, ulikuwa kwenye sauti. Maiki iliyojengwa ndani ya kamera husikia kilicho karibu nayo, na aliye karibu nayo ni mpiga picha. Mwigizaji aliye hatua nne mbele anashindana na upepo, pikipiki na redio ya jirani. Maiki ya kubana kwenye nguo ingeokoa matukio mengi, lakini fedha iliyopatikana ilikimbilia kamera mpya. Anayenunua kamera yake ya kwanza leo naye afikirie hilo: achague kamera ya kawaida yenye tundu la maiki na la hedifoni, kisha aongeze maiki, hedifoni na stendi imara ya miguu mitatu.

Betri ya pili nayo haikuwa anasa. Mgao wa umeme wa mwaka 2006, ukame ulipokausha mabwawa, na ule wa 2011 ulimfundisha kila mpiga video wa Mbagala na Manzese kuchaji wakati wowote umeme ulipopatikana. Betri kubwa za Sony aina ya NP-F, zilizodumu saa kadhaa, zilipendwa kwa sababu hiyo.

Kisha mwaka 2008 ikaja Canon 5D Mark II, kamera ya picha za mnato iliyorekodi video yenye mandharinyuma yaliyofifia vizuri. Mabibi harusi waliipenda mno. Ila ilikata yenyewe kila baada ya dakika 12 hivi, na ibada ya ndoa haimsubiri mtu abonyeze tena. Wengi walibaki na kamera ya video kwenye stendi, ikirekodi tukio lote, huku ile nyingine ikizunguka.

Kinachoniumiza ni mikanda. Unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye VHS, na MiniDV hukwama mashine za kuichezea zikizidi kuchoka. Ndani yake wamo mabibi waliokwishazikwa, wakicheza na kucheka na kuwaombea dua wajukuu. Mwenye mikanda aihamishe sasa. Ya MiniDV ihamishwe kwa FireWire, maana tundu la USB la kamera nyingi za zamani hutoa picha duni au za mnato tu. Kwa kuwa kompyuta mpya nyingi hazina tundu la FireWire, tafuta fundi aliyebaki na ya zamani. Mkanda wenye ukungu usiutie kwenye deki kabla ya kusafishwa, kwani utachafua vichwa vyake na kuambukiza mingine. Ukishahamisha, weka nakala mbili, kila moja nyumba yake.