Spea za suspensheni ya haidroliki: Jinsi ya kuzinunua na kuzivusha mpakani

Magari aina ya Lexus LX 470 na baadhi ya Toyota Land Cruiser 100, yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2007, hutumia suspensheni ya haidroliki inayojulikana kama AHC. Mfumo huu humwezesha dereva kuinua au kushusha gari kwa kubonyeza swichi. Ukiharibika, gari hudunda kama mkokoteni, na spea zake si za kuokota duka lolote.

Mfumo unavyofanya kazi

Pampu husukuma oili kwenda kwenye shokapu. Kila gurudumu lina tufe la chuma lenye gesi ya naitrojeni upande mmoja na oili upande wa pili, zikitenganishwa na utando. Gesi hiyo ndiyo inayolainisha mwendo. Miaka inavyopita gesi hupungua, na tufe hubaki limejaa oili isiyobonyea.

Pima kwanza, nunua baadaye

Wanunuzi wengi hupoteza fedha kwa kuagiza matufe yote manne kabla ya kupima. Kipimo chenyewe ni rahisi: gari lishushwe hadi chini injini ikiwaka, usomwe usawa wa oili kwenye chupa yake, kisha gari liinuliwe hadi juu na usomwe tena. Matufe mapya hutoa tofauti ya alama 14 hivi. Tofauti ikibaki 7 au pungufu, matufe yamechoka.

Tofauti ikiwa nzuri lakini gari bado ni gumu, huenda springi za nyuma zimelala au toshenba za mbele zimelegea, na oili inabeba mzigo usio wake. Marekebisho hayo ni nafuu kuliko tufe moja jipya.

Oili nayo ni ya aina yake. Toyota huiuza kwa namba 08886-01805. Oili ya breki haifai kabisa, kwani huharibu mipira ya mfumo mzima.

Kuagiza

Muuzaji apewe namba ya chasisi, si jina la gari pekee. Gari lililotoka Japani huwa na namba fupi inayoanza na herufi kama UZJ100 au HDJ101, wakati yale ya masoko mengine huwa na namba ya tarakimu na herufi 17. Tufe la mbele na la nyuma si kitu kimoja.

Katika masoko ya spea kama Grogan jijini Nairobi, Kisekka jijini Kampala na Gerezani jijini Dar es Salaam, mnunuzi anaweza kupewa tufe la mtumba kwa bei ya kuvutia. Tatizo ni kwamba gesi haionekani kwa macho. Tufe lililong'olewa kwenye gari la umri uleule huenda limechoka kama lile linalotolewa.

Usafirishaji na forodha

Anayeagiza kwa ndege kutoka Dubai au Japani ajue kwamba tufe lenye gesi iliyoshindiliwa huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari, kundi la 2.2, namba UN 3164. Likifichwa ndani ya mzigo wa kawaida linaweza kuzuiwa uwanjani.

Mpakani, cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hakisaidii hapa. Cheti hicho ni kwa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Tufe la Japani lililonunuliwa Nairobi linabaki kuwa la Japani, na likivushwa Busia linaweza kudaiwa ushuru Uganda hata kama lililipiwa Kenya. Kwa mfanyabiashara wa Kampala au Kigali, mara nyingi ni afadhali mzigo uandikwe tangu mwanzo kwamba unakwenda nchini kwake. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ushuru hulipwa kwa nchi unakokwenda mzigo kabla haujaondoka bandarini.

Kuung'oa mfumo

Wapo wanaoamua kuweka springi na shokapu za kawaida. Hesabu hiyo ijumuishe na toshenba, kwa sababu za AHC ni laini, haziwezi kubeba gari peke yake. Asiyezihesabu hujikuta akirudi gereji mara ya pili.