Mwandishi wa historia na ajikatize mwenyewe

NILIPOKUWA mwanafunzi wa uzamili, niliandika katika tasnifu yangu kwamba reli ndiyo iliyozaa Kisumu. Siku ya kuitetea, mtahini mmoja aliniuliza kwa upole: "Na wenyeji walikuwa wapi?" Nikababaika. Sikuwa na nia ya kuwafuta watu wa Ghuba ya Winam, lakini sentensi yangu ilikuwa imekwisha kuwafuta.

Nilichokusudia ni kwamba reli, ilipofika ziwani mwaka wa 1901, ilileta bandari, ofisi za serikali na mpango wa mji. Watu walikuwa wakibadilishana vyakula hapo tangu zamani, na wengi hulihusisha jina lenyewe la Kisumu na biashara hiyo. Ningeongeza sentensi moja tu: "Sisemi kwamba watu walianza na reli, ninachosema ni kwamba mji wa kikoloni ulianza nayo." Basi, mjadala ungehamia kwenye hoja yangu halisi.

Sentensi ya aina hiyo haiongezi ushahidi. Kazi yake ni kumwelekeza msomaji namna ya kuusoma ushahidi uliopo. Wanafunzi wangu wengi huiona kama maneno ya kujaza kurasa. Ati msomaji mwerevu ataelewa tu! Hivi, ni nani aliyewaambia?

Katika duol, kibanda cha mzee wa boma la Kiluo, msimulizi hakuhitaji tahadhari hiyo. Akisema "tulitoka kaskazini", kijana angeweza kumuuliza: "Sote pamoja, mzee?" Naye angefafanua papo hapo. Kitabu hakina kijana huyo. Mwandishi hana budi kujikatiza mwenyewe.

Marehemu Profesa Bethwell Ogot aliyachukua masimulizi kama hayo akayajengea historia ya kitaaluma, na kitabu chake kuhusu Waluo wa Kusini kikatoka mwaka wa 1967. Alionyesha kwamba hawakufika kwa mkupuo mmoja: kulikuwa na Joka-Jok, Jok'Owiny na Jok'Omolo, pamoja na Abasuba waliochangamana nao. Leo mtu anaweza kuyafupisha yote hayo kuwa "Waluo walitoka Sudan", kisha akaongeza, "kwa hivyo ni wageni." Hilo la pili halitokani na la kwanza. Kuhama kwa mababu ni jambo moja, haki ya kuishi mahali ni jambo jingine, na jamii nyingi za Kenya zina masimulizi ya safari. Anayeandika kuhusu uhamaji aseme hivyo waziwazi, kwenye ukurasa uo huo, kabla sentensi yake haijabebwa hadi asikokuwapo kuitetea.

Kwa hivyo, ukimaliza aya, jiulize: msomaji mwenye haraka atanisikia nikisema nini? Ikiwa si ulichokusudia, tumia "yaani", "sina maana kwamba" au "kwa maneno mengine". Ila usiyatie kila mstari, maana msomaji atachoka. Yaweke pale ambapo ukieleweka vibaya, kuna mtu atakayeumia.