Lishe ya mama na maziwa yake

Lishe ya mama mjamzito na anayenyonyesha ni jumla ya vyakula na vinywaji anavyotumia mwanamke tangu mimba kutunga hadi mtoto anapoachishwa ziwa. Ina kazi mbili: kumjenga mtoto, na kumlinda mama mwenyewe asidhoofike. Kazi ya pili husahaulika mno. Mzazi huhimizwa kula ili maziwa yatoke. Ni nadra kuhimizwa kwa sababu naye ametoka kupoteza damu na mwili wake unahitaji kurudi.

Mjamzito mwenye uzito wa kawaida hutarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16. Sehemu ya uzito huo ni mafuta ambayo mwili huyaweka akiba kwa ajili ya kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi foliki, yaani vile vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki. Asidi foliki hukinga kasoro za ubongo na uti wa mgongo, viungo ambavyo msingi wake hufungika ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito. Kwa hiyo anayepanga kuzaa aanze kuitumia mapema. Chai ikinywewa pamoja na chakula au kidonge huzuia madini chuma yasifyonzwe vizuri. Chungwa au embe husaidia yafyonzwe. Udongo unaouzwa sokoni kwa wajawazito nao huzuia ufyonzwaji huo, na mwingine una risasi. Hamu ya kuula mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, hivyo mwenye hamu hiyo apimwe damu badala ya kukaripiwa.

Maziwa ya siku chache za mwanzo huitwa dang'a. Ni mazito, ya manjano, na hutoka kidogo kidogo kwa kiasi kinachotosha tumbo dogo la mtoto mchanga. Yana kingamwili nyingi, chembe nyeupe za damu na vitamini A. Katika jamii nyingi dang'a ilikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa ni uchafu, mtoto akapewa maji ya sukari. Hasara yake ni kubwa, kwa kuwa hakuna kitu kingine cha kumpa mtoto kinachoweza kushika nafasi yake. WHO inataka mtoto anyonyeshwe ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa pekee bila hata maji kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Maji hayahitajiki hata kwenye joto la Tanga au Mombasa: karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji.

Je, chakula cha mama hubadilisha maziwa? Kwa sehemu tu. Kiasi cha sukari ya maziwa, protini, kalsiamu na madini chuma hakibadiliki sana hata mama akila vibaya. Kalsiamu ikipungua katika chakula, maziwa huendelea kuipata kutoka mifupani mwake. Mifupa hupoteza madini, kisha kwa kawaida huyarudisha baada ya mtoto kuacha ziwa. Vinavyofuata chakula cha mama ni aina ya mafuta, vitamini A, vitamini kadhaa za kundi B, na madini joto. Hapo dagaa, vibua, maini kwa kiasi, mayai, viazi lishe, mchicha, matembele na chumvi yenye madini joto vina maana kubwa. Asiyekula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama anahitaji nyongeza ya vitamini B12, la sivyo mtoto anaweza kudhurika mishipa ya fahamu.

Kwa hiyo kumwambia mama mwembamba kwamba maziwa yake ni mepesi ni kumwonea. Maziwa yanayotangulia kutoka huwa na mafuta machache kuliko ya mwishoni, na mtoto akiachwa amalize ziwa moja huyapata yote. Wingi wa maziwa nao hutegemea zaidi kunyonywa: mtoto anapovuta, ubongo wa mama hutoa homoni ya prolaktini inayotengeneza maziwa na oksitosini inayoyasukuma. Maumivu na hofu huzuia oksitosini. Mama anayetoa mililita 750 hivi kwa siku huhitaji takriban kilokalori 500 za ziada, sawa na mlo mdogo wa kushiba.

Desturi zimelijua hitaji hilo. Mzazi hupikiwa uji wa pilipili manga, supu ya kuku, na kwa Wachaga mtori wa ndizi na nyama. Faida iko kwenye nishati, protini na maji, na pia katika siku arobaini za kupumzishwa. Imani ya kubemenda, kwamba tendo la ndoa au mimba mpya huharibu maziwa, ilisaidia kupisha uzazi, lakini maziwa hayaharibiki hivyo. Kinachomdhoofisha mtoto ni kuachishwa ziwa ghafla na kupewa uji mtupu.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa zake sawasawa anashauriwa anyonyeshe pia, angalau miezi 12.

Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo muda wa hadi saa 2 kwa siku wa kunyonyesha. Kenya, kwa Sheria ya Afya ya 2017, inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Mama ntilie na mkulima hawana mwajiri wa kuwadai haki hizo. Kwao likizo ni ile watakayopewa na mume, mama mkwe na majirani.