Mwalimu wa Keezo: Kumbukumbu ya Karakana Yetu

Ndugu zetu mlioko Lamu, Mombasa, Nairobi na ng'ambo.

Mwaka huu kamati imeniomba nimkumbuke mwalimu wetu wa ufundi. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kusifiwa hadharani, na kila aliyepita mikononi mwake anamjua.

Mji wetu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mgeni akifika, jambo la kwanza ni kupiga picha milango ya nakshi. Lakini sisi tuliokulia ndani ya nyumba hizo tunajua kuwa kando ya nakshi kulikuwa na ufundi mwingine, nao ni kukereza. Miguu ya vitanda vya bibi zetu ilitoka kwenye keezo.

Keezo la kale ni kitu chepesi. Mti hushikwa kati ya misumari miwili, ugwe wa uta ukazungushwa mara moja juu yake. Fundi huketi chini, mkono mmoja ukiusukuma na kuuvuta uta, mwingine ukishika patasi, na mguu ukiituliza. Mti huzunguka mbele kisha nyuma, na patasi hukata unapozunguka kuijia tu. Ukiikaza unaporudi, unaharibu. Mwishoni fundi huugandamiza mche wa lakiri kwenye mti unaozunguka. Joto la msuguano huiyeyusha, ikabaki pete ya rangi.

Ufundi huu ulikuwa wa nyumbani, kutoka kwa baba au mjomba. Uliingia shuleni kwetu kwa sababu ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985. Sanaa na ufundi likawa somo la mtihani, na shule zikatakiwa kuwa na karakana. Serikali haikutujengea. Wazazi wetu walichanga mawe, chokaa na boriti za mikoko, wengine wakatoa siku zao za kazi. Shule nyingi zilifundisha kusuka na kufinyanga. Mwalimu wetu alileta keezo alilorithi kwa mjomba wake, akaliweka karibu na dirisha.

Mimi niliingia darasani kwake mwaka 1993. Kazi ya kwanza ya kila mtoto ilikuwa pia. Wengi tuliiona kazi ya kitoto, hadi ilipoanza kuyumba. Yangu iliyumba kwa kuwa sikuitafuta kati ya mti sawasawa, nami nikaificha aibu kwa msasa na rangi nyekundu. Mwalimu aliizungusha sakafuni, akaitazama mpaka ilipoanguka.

"Rangi ni nzuri, mwanangu," alisema. "Sasa nenda ukaikereze pia yenyewe."

Hakunichapa wala hakuwaita wenzangu wacheke. Alinipa kipande kingine, akakiandika kwenye daftari lake. Daftari hilo lilikuwa na kila kipande: mti gani, nani kakichukua, kimetoka nini, kimebaki nini. Mabaki ya mbambakofi hayakutupwa. Yalifanywa vishikio vya droo. Hivi leo kazi yangu ni uhasibu, na nimezikuta hesabu nyingi zilizopakwa rangi. Huwa nazizungusha kwanza.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, watoto walifurika shuleni, jambo tuliloliombea miaka mingi. Wakati huohuo masomo ya mtihani yalikuwa yamepunguzwa, na ufundi haukuwemo tena. Madawati yakaingia karakanani, keezo likatoka. Hakuna aliyefanya ubaya: mtoto asiye na darasa alihitaji paa kuliko sisi tulivyohitaji pia. Lakini hakuna aliyepanga lini karakana ingerudi, na mwaka ulifuata mwaka.

Mara ya mwisho nilipomtembelea, keezo lilikuwa limefungwa gunia chini ya kitanda chake. Aliniuliza nani sasa anakereza mjini. Nilitaja wazee wawili. Akaniuliza nani anajifunza kwao. Nilinyamaza, naye akabadilisha mazungumzo, akaulizia watoto wangu. Hatukuonana tena. Mungu amrehemu.

Swali lake ndilo tunalolileta kwenu. Tangu Januari 2023 nchi yetu ina sekondari ya chini, na wanafunzi wake wanasoma masomo ya awali ya ufundi. Wa kwetu wanayasoma ubaoni. Wanachora patasi ambayo hawajawahi kuishika.

Familia ya mwalimu imekubali kutukabidhi keezo, bila malipo. Wale wazee wawili wamekubali kufundisha, siku mbili kwa wiki, maadamu afya inawaruhusu. Kilichobaki ni chetu: kuezeka upya chumba cha karakana, kununua patasi, misumeno, randa na meza za kazi, na kuwapa wazee posho ya heshima. Makadirio yamo ukurasa wa mwisho, na kila shilingi itaandikwa kama alivyoandika yeye, kipande kwa kipande.

Paa tunaweza kuliezeka hata mwaka ujao. Wazee hao hatuna hakika ya kuwa nao mwaka ujao. Basi kama uliwahi kutoka karakana ile na pia mfukoni, changia sasa.