Mawe ya Zaituni: Hekalu la Kaiyuan katika Bandari ya Quanzhou

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na katika miaka ya 1340 akafika kusini mwa Uchina, kwenye bandari ambayo Waarabu waliiita Zaituni. Jina hilo humpoteza msomaji wa Kiswahili, akadhani kwamba mji ulisifika kwa mizeituni. Lakini Ibn Battuta mwenyewe alieleza kuwa huko mizeituni haipo. Asili yake ni Citong, jina la mti wa miiba na maua mekundu uliopandwa kuuzunguka mji. Wageni walisikia neno wasilolijua, wakalitamka kwa neno walilolizoea. Mji wenyewe ni Quanzhou.

Yaliyolipata jina yaliyapata na mawe. Hekalu la Kaiyuan, kubwa miongoni mwa mahekalu ya Kibudha mjini humo, lilianzishwa mwaka 686. Minara yake miwili, iliyokuwa ya mbao hapo kwanza, ilijengwa upya kwa mawe: wa magharibi ulimalizika mwaka 1237, na wa mashariki, wenye kimo cha mita 48 hivi, mwaka 1250. Tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1604 halikuiangusha.

Lakini nyuma ya ukumbi mkuu zimesimama nguzo mbili zisizokuwa za Kibudha kwa asili, kwani zimechongwa sura za miungu ya Kihindu, naye Krishna yumo. Maandishi ya mwaka 1281, kwa Kitamili na Kichina, yashuhudia kwamba Watamili waliokaa bandarini walikuwa na hekalu lao la Shiva. Kisha vita vya miaka ya 1357 hadi 1366 viliuharibu mji, na biashara ya wageni ikafifia. Hekalu lao likatoweka. Baadaye, katika zama za Ming, wajenzi waliotengeneza Kaiyuan walitumia mawe yake.

Je, huo ulikuwa unyang'anyi au uhifadhi? Yote mawili. Waliochukua hawakukusudia kuwakumbuka Watamili, walihitaji nguzo. Hata hivyo, kwa kuzisimamisha mahali pa ibada, walizinusuru.

Mwaka 2021 UNESCO iliiandika Quanzhou katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Kaiyuan na msikiti wa kale wa Waislamu. Basi asemaye kwamba Kaiyuan ni urithi wa Wabudha asema kweli, ila hajaimaliza. Jengo, kama lugha, huwa la mwenyewe hata likiwa na vya kuazima; lakini haifai kumsahau aliyeazimwa.