Nje ya Uzio wa Voi

Soroveya akija kupima shamba ya guka, familia yote hutoka. Mpaka ule mjomba hamjamwona tangu Krismasi anatokea, koti begani, anauliza kama chai iko. Kila mtu anajua bikoni ikisonga hatua mbili, kuna wajukuu watakuja kuitwa maskwota.

Nilisomea upimaji kabla niachane na chuo (hiyo stori ni ya siku nyingine), na kitu kimoja kimenikaa kichwani mpaka leo: mahali ramani iko nyeupe, usidhani hakuna kitu. Pengine tu hakuna mtu alitumwa kupima hapo.

Sasa wasee, twende Voi. Ile stesheni SGR ikipita wote mnatoa simu kutafuta ndovu. Kwa huo mji kuna makaburi madogo ya kijeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mia moja na kitu hivi. Wajerumani walikuwa wameshika Taveta tangu Agosti 1914, kwa hivyo 1915 Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea huko. Risasi, unga, maji, karibu kila kitu kilipitia hapo. Na reli ikiisha, mizigo inapanda vichwani.

Vichwa vya nani? Vya vijana wa Kariakor, wengi wakichukuliwa kwa nguvu vijijini. Hilo jina ni Carrier Corps imepitia midomo yetu, ndio maana Nairobi kuna Kariokor na Dar kuna Kariakoo. Unanunua kiondo huko na hujui unakanyaga jina la jeshi la wabeba mizigo.

1917 Uingereza ikaunda tume ya makaburi ya vita ya dola yake. Kanuni yao ilikuwa poa sana kwa karatasi: waliokufa wote ni sawa, bila kujali cheo, rangi au dini. Kazi yenyewe ilikuwa ya upimaji. Unachora mpaka wa makaburi, unagawa safu, kila safu herufi yake, kila kaburi namba, halafu namba inaandikwa kwa daftari pamoja na jina. Ndio maana leo mjukuu anaweza kutoka Cape Town na karatasi mkononi, ahesabu safu, asimame mbele ya babu yake.

Lakini hiyo hesabu inaanza na mpaka. 2019 mbunge wa Uingereza anaitwa David Lammy alikuja Voi kutengeneza filamu kuhusu haya mambo. Ndani ya uzio, makaburi yametunzwa, majina yanasomeka. Waafrika waliofia vita hiyo hiyo wako nje, chini ya kichaka. Hakuna safu. Hakuna namba.

Na msidhani ni kusahau. Mapema miaka ya 1920 maafisa waliandikiana barua kwamba Mwafrika hana hisia na makaburi ya watu wake, na kwamba makaburi makubwa ya Kariakor kule Dar yaachwe yarudi kuwa pori, tena haraka. Nilisoma hiyo nikacheka kwa hasira. Sisi? Sisi ambao mtu akifa Nairobi tunafungua kundi la WhatsApp usiku huo huo, tunachanga hadi mia mbili mbili, tunakodisha basi, tunamrudisha akalale kwa shamba lao?

Kuna mtu atasema labda majina hayakujulikana. Buda, hawa watu walikuwa wanalipwa. Walipewa namba, wakachukuliwa alama za vidole. Hesabu rasmi yenyewe ilikubali zaidi ya wabeba mizigo 40,000 walikufa, wengi kwa kuhara damu, nimonia na malaria. Mishahara ya maelfu ikabaki haijachukuliwa, na wakubwa wakabishana kwa miaka hiyo pesa iende wapi. Kwa hivyo kwa daftari ya pesa mtu yupo, kwa daftari ya makaburi hayupo.

Halafu pita Kenyatta Avenue uangalie ile sanamu ya askari watatu. Mmoja wao ni mbeba mizigo. Maneno yaliyo chini yake ni ya Rudyard Kipling, na yanaahidi jina lako halitasahaulika na wanao. Soma sanamu yote, hutapata jina hata moja. Huyo Kipling alipoteza kijana wake Ufaransa 1915, mwili haukupatikana wakati huo, lakini jina la kijana likachongwa kwenye jiwe hata hivyo.

2021 tume yenyewe ilitoa ripoti: angalau watu 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi akaomba msamaha bungeni London. Sawa, tumesikia. Mimi nataka soroveya arudi Voi. Siku hizi kuna rada za kuona chini ya udongo bila kuchimba, na huo mji unapanuka. Apime upande wa nje ya uzio kabla mtu hajauziwa ploti juu ya watu.

Na wewe, kama kwenu husemwa kuna babu alienda Kariakor na hakurudi, pigia cucu leo jioni. Uliza jina, kijiji, na mahali alionekana mwisho. Andika.